Kuimba Kando ya Mama

Punje za mahindi makavu zinapodondoka ndani ya karai, mlio wake hubadilika kadiri karai linavyojaa. Mwanzoni ni mkali, kama mvua ya mawe juu ya mabati. Baadaye unakuwa mzito na wa chini, hadi punje zinaangukia punje nyingine na husikii ila mnong'ono. Mpaka leo, nikipita karibu na boma la mtu huku kwetu Kakamega msimu wa mavuno na kuusikia mlio huo, mimi husimama kidogo. Si mahindi yanayonisimamisha. Huwa nangoja sauti ya mwanamke ianze kuimba, na iimbe vibaya.

Ngojeni nieleze, msije mkanifikiria vingine. Mama yangu hakujua kuimba. Simsingizii, kijiji kizima pale Iguhu kililijua jambo hilo, hata watu wa ng'ambo ya kijito walilijua, maana alikuwa na sauti kubwa iliyovuka maji bila shida. Alianza wimbo vizuri kama mtu mwingine yeyote. Neno la kwanza lilikaa mahali pake, la pili nalo likakaa, kisha sauti ikashika njia yake yenyewe. Palipopaswa kushuka, yeye alipanda. Palipopaswa kusubiri, alikuwa ameshafika mbele na anawangoja wengine. Na uso wake wakati huo ulikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa waimbaji wengi wanaojua.

Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa akisikiliza kutoka kwenye mkeka wake mlangoni, anatikisa kichwa. "Huyu tulimuoa kwa sababu ya mikono yake ya kulima," alikuwa akisema. "Sauti tuliletewa tu, hatukuulizwa."

Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, kwa hiyo kazi ya kupukuchua mahindi ilikuwa yangu na Mama. Tulikaa jikoni jioni, karai katikati yetu, moshi wa kuni mbichi ukituchoma macho, harufu ya maharagwe yanayochemka ikitoka kwenye chungu. Vidole viliuma mpaka vikazoea. Mama alikuwa anaanza wimbo, halafu ananiambia, "Rispa, nisaidie."

Kumsaidia haikuwa kazi rahisi. Nikimfuata, sote wawili tulipotea, naye alikuwa anasimama na kuniuliza kwa mshangao wa kweli, "Sasa tuko wapi?" Basi nikajifunza kutomfuata. Nilijifunza kuushika wimbo kama mtu anavyoshika kamba ya ndama, kwa upole lakini bila kuachia, huku nikimsikia Mama akienda zake kulia na kushoto. Na baada ya muda, sijui vipi, alikuwa anagongana nami njiani. Sauti zetu mbili zilikutana kwenye neno moja, zikakaa pamoja kwa pumzi moja hivi kabla hajaondoka tena. Siwezi kuwaeleza utamu wa pumzi hiyo. Kitu kilifunguka kifuani mwangu, nikasahau vidole, nikasahau njaa. Nadhani niliupenda muziki hapo, kwenye ile nafasi ndogo Mama alipokuwa amerudi na bado hajaondoka.

Mama alikuwa katika kwaya ya kanisa letu. Aliingia kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkataza. Lakini Jumamosi moja mwalimu wa kwaya, Mzee Imbayi, alikuja nyumbani. Alikuwa mtu mpole, mrefu, ambaye maneno magumu yalimtoka kwa jasho. Mama alimpa kiti na chai. Mimi nilikuwa nje ukutani, nachambua mboga, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mama Rispa," alisema, na kikombe kikalia kwenye kisahani, "tumekaa kama kwaya. Tumeona wewe tukupatie jikoni. Wageni wakikuja, nani anawezanga kupika chai kama wewe?"

Mama alicheka. "Hiyo ni kazi kidogo sana, Mzee. Nitapika."

Akamfungia ndizi za kumpelekea mke wake, akamsindikiza hadi barabarani. Nilibaki na mboga mkononi, nimekasirika hadi masikio yanawaka. Mimi nilikuwa nimeelewa alichosema yule mzee. Mama, nilidhani, hakuelewa. Kesho yake alivaa nguo yake nzuri, akaketi kwenye benchi katikati ya waumini, na kwaya ilipoanza, akaimba kutoka pale alipokuwa, kwa nguvu kuliko zamani. Mzee Imbayi alifumba macho. Kwenye benchi hakuna mtu angeweza kumwondoa. Na jioni hiyo hiyo, karai likiwa katikati yetu, akasema kama kawaida, "Rispa, nisaidie."

Nilipokuwa darasa la sita, shuleni kwetu alikuja mwalimu mgeni aliyeitwa Madam Violet. Alitupanga mstari uwanjani, akapita akituinamia mmoja mmoja, sikio lake karibu na midomo yetu. Aliponifikia alisimama, akaniambia niimbe tena, kisha akaniweka kwenye sauti ya pili. Tuliimba wimbo kuhusu mvua inayotoka msituni na kuwakuta akina mama na mahindi yao uani. Wimbo huo ulikuwa na mahali pagumu: katika ubeti wa pili sauti zote zilinyamaza, sisi wa sauti ya pili tukabaki peke yetu, bila wa kutushika mkono, kabla wengine hawajarudi.

Shule yetu haikuwahi kufika mbali katika mashindano ya muziki. Mwaka huo tulifika hadi mjini Kakamega. Mwalimu mkuu, ambaye aliona kuimba ni kupoteza wakati, alitukusanya akasema tukirudi mikono mitupu, ile saa ya kwaya itakuwa saa ya hesabu. Madam Violet akatupanga mstari tena, tukarudia wimbo kuanzia mwanzo.

Wazazi waliotaka walipanda lori pamoja nasi. Mama alikuwa wa kwanza kupanda, amevaa gauni la manjano lililoonekana kutoka mbali. Msichana aliyekuwa akisimama upande wangu wa kulia, Mideva, akaninong'onezea, "Haki Rispa, mwambie mama yako asiimbe tukiwa jukwaani."

"Mwambie wewe," nikamjibu. Hakumwambia.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Ulinuka rangi ya sakafu, jasho, na mafuta ya nazi tuliyopakwa miguuni ili tung'ae. Waamuzi waliketi mezani, kalamu mikononi. Mama alikuwa mstari wa mbele, mikono magotini, kama mtoto anayengoja sukari. Madam Violet alipuliza kifilimbi chake cha kutupa noti, akainua mikono, tukaanza.

Ubeti wa kwanza ulienda vizuri sana. Niliona kalamu ya mwamuzi mmoja ikisimama. Tukaingia ubeti wa pili, wengine wakanyamaza, tukabaki sisi. Na wakati huo huo, nje, chini kabisa ya dirisha, kundi moja lililokuwa likingoja zamu yake likaanza kujipasha moto. Lilikuwa kundi la isukuti.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Ngoma za isukuti hazibishi hodi; zinaingia magotini kabla hazijafika masikioni. Ngoma zote zililipuka pamoja, pembe ikalia, na wanaume wakainua wimbo wao kwa sauti nyingine kabisa. Nilihisi kwaya ikiyumba. Msichana wa mwisho akashika tuni ya nje bila kujua. Aliyemfuata akanyamaza. Midomo ya Mideva ilikuwa inacheza lakini hakuna kilichotoka. Mikono ya Madam Violet iliendelea kupiga hewa, macho yake yakiwa yametoka, kama mtu anayeona chungu kikianguka na hawezi kukifikia.

Na mimi? Mimi nilijisikia niko nyumbani.

Nawaambia kweli. Sauti kubwa kando yangu, inaenda inakotaka, na wimbo wangu mkononi: hiyo ilikuwa jioni ya kawaida jikoni kwetu. Sikuogopa hata kidogo. Nilifungua mdomo zaidi, nikaimba kama ninavyoimba na karai mbele yangu, si kwa kupiga kelele, bali kwa kutoachia. Mideva aliegemea upande wangu, akausikia wimbo, akauingia. Wa kushoto akaja. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka yule wa mwisho akaiacha tuni ya nje na kurudi. Sauti nyingine zilipoingia zilikuta noti pale pale zilipoiacha, na wavulana wakaja kwa chini, wazito, na mvua ile ikanyesha ndani ya ukumbi ule hadi sasa naiona.

Tulipomaliza, Madam Violet alishusha mikono. Halafu mtu akaruka kutoka mstari wa mbele, gauni la manjano, mikono juu.

"Huyo ni wangu! Huyo nilimzaa mimi!"

Akapiga vigelegele. Vigelegele havina tuni, na hapo Mama hakuwa na mshindani. Ukumbi wote ulimfuata.

Tulishika nafasi ya kwanza. Jina la shule yetu lilipotajwa, Madam Violet aliketi sakafuni akalia na kucheka pamoja, na mwalimu mkuu alionekana akimkumbatia mtu asiyemjua. Baadaye nje, kwenye nyasi, Madam alinishika mabega yote mawili. "Rispa, nani alikufundisha kushika sauti hivyo, watu wakikupigia kelele masikioni?"

"Mama," nikasema.

Watoto wote wa Iguhu waliangua kicheko. Mideva alicheka mpaka akalala chini. Madam aliwaangalia bila kuelewa. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alirekebisha kitambaa chake cha kichwa, kisha akakirekebisha tena.

Tulirudi na lori tukiimba, na safari hii kila mtu alimwacha Mama aimbe. Baba alikuwa amekuja kutoka Isecheno, ambako alifanya kazi ya kukuza miche ya miti, na jogoo alikuwa tayari ndani ya sufuria. Tulikula obusuma, ugali wetu, na ingokho, yule jogoo, hadi vidole vikang'aa. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamke haigusi. Baba aliitoa kwenye sahani yake, akaiweka kwenye yangu. Kukhu akakohoa kwa nguvu.

"Leo mwenye nyumba ni huyu," Baba akasema, akaendelea kula.

Muziki haujaniacha tangu siku hiyo. Niliusomea, nikawa mwalimu wake hapa mjini, na kwaya zangu zimeimba mbele za watu wakubwa na wadogo. Miaka imepita. Juzi juzi, Mzee Imbayi alipochoka kabisa, wazee wa kanisa la Iguhu waliniomba nishike kwaya yake. Nilikubali, nikaenda moja kwa moja nyumbani. Mama alikuwa uani anapepeta maharagwe.

"Mama, Jumapili uje kwa kwaya. Nimekuwekea joho."

Alicheka. "Mimi? Mimi walinifukuza huko, mwanangu."

Sikuwahi kumsikia akitumia neno hilo. "Kumbe ulijua?"

"Rispa, mtu anakuja mpaka kwako, anakutolea jasho kwa kikombe cha chai, utakosa kujua?" Alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa. "Nililia siku hiyo. Baba yako alinipata kule migombani, nimeweka leso kwa mdomo ndio msisikie. Halafu nikasema, nikinyamaza, huyu mtoto ataimbanga na nani?"

Niliketi chini kando yake. Yeye akaendelea kupepeta.

"Tena ulikuwa unanirudisha. Ulikuwa kadogo hivi, lakini unanirudisha. Nikapenda. Siku zingine nilikuwa napotea makusudi, nione kama utafika."

"Makusudi, Mama?"

"Siku zingine," alisema, akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Zile zingine nilikuwa nimepotea tu."

Tulicheka mpaka maharagwe yakamwagika.

Utotoni nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nimembeba Mama. Kwamba yeye hakusikia anavyoimba, na mimi kwa huruma nilimwongoza. Nilikuwa mtu mzima, na mvi zimeanza, nilipoelewa kwamba kila jioni aliyekuwa mbele yangu ni mwanamke aliyeambiwa sauti yake haitakiwi, akalielewa neno hilo, akalilia, kisha akaifungua sauti ile ile ili mtoto wake apate mtu wa kuimba naye. Wengine walinifundisha noti. Ujasiri wa kuzishika niliupata kwake, bure, jikoni.

Jumapili alikuja. Nilimsimamisha mstari wa mbele, na kando yake nikawaweka wale wasichana wapya, wanaoyumba kwa upepo mdogo. Waliniangalia kwa wasiwasi. Nikawaambia, "Msimfuate, na msimwache." Kisha nikainua mikono. Katika ubeti wa pili Mama aliondoka, akapanda mahali ambapo wimbo haujawahi kufika. Wasichana walitetemeka, wakashika. Kanisa zima lilisikia wakishika. Na kwenye neno la mwisho kabisa, Mama akashuka, akatukuta tumesimama tunamngoja.