Miwa Haikatwi Masika

“Mama yako mbona haji siku hizi?” Sista Rehema aliniuliza huku akinigeuza ubavu. Sikuweza kumjibu. Nilikuwa na mpira kooni, mashine ikinipumulia. Hata ningeweza kusema, sikujua.

Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimerudi kutoka chuoni hadi kwetu Ruhembe, kwenye mashamba ya miwa, nabishana na kila mtu. Nikaharisha siku nne. Siku chache baadaye vidole vya miguu vikafa ganzi, magoti yakakataa, mikono ikalegea, pumzi ikawa fupi. Nikapelekwa hospitali ya rufaa.

“Kinga ya mwili wake inashambulia neva,” daktari alimwambia mama. “Lakini akili ni nzima. Anasikia.”

Nilisikia yote. Sista Rehema aliandika mpango wangu wa uuguzi, akanisomea: nigeuzwe kila baada ya saa mbili nisipate vidonda, nivutwe makohozi, ninyooshwe viungo. Nilijisaidia kitandani, nikafutwa kama mtoto. Tulikubaliana nifumbe macho mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana.

Mama mdogo Asha alipoingia, sista alimuuliza na yeye mama yuko wapi.

“Dada yuko shamba, anakata miwa,” alijibu bila kunitazama.

Mvua ya masika ilikuwa inapiga bati. Masika kiwanda cha sukari hufungwa, malori hayaingii mashambani. Anakata miwa ya nani? Nilifumba mara mbili. Tena mara mbili.

“Mama, huyu anakukatalia,” sista alimwambia.

“Ubishi wake huo! Hata ugonjwa umeushindwa.” Akacheka, halafu akalia. “Tulimzika Ijumaa, mwanangu. Presha.”

Machozi yaliniingia masikioni. Sista aliyafuta, akachukua kalamu, akaongeza kwenye mpango na kunisomea: “Amefiwa. Asiachwe peke yake.”

Baada ya wiki sita kidole gumba kilicheza. Mpira ukatolewa. Nilijifunza upya kumeza, kukaa, kutembea. Namshukuru sista yule. Ukihisi ganzi inapanda kutoka miguuni, usisubiri kesho, wahi hospitali. Na ukiuguza mtu asiyeweza kusema, zungumza naye.

Mama mdogo sikumwamkia mwaka mzima, kwa uongo ule. Hakujitetea. Ni binti yake aliyeniambia, juzi tu, kauli ya mwisho ya mama kwa mdogo wake: “Usimwambie mpaka apumue mwenyewe.”