Kitrekta Kilichotakiwa Kunyamaza

Niliingia Musoma kwa meli, nikiwa na homa na begi lenye spana nyingi kuliko nguo. Safari ilikuwa imeanzia Morogoro kwa treni, na treni ile ilikuwa na tabia ya kusimama porini bila mtu kutuambia kulikoni. Tabora tulilala kwenye mabehewa tukingoja injini iliyopelekwa kuvuta treni nyingine. Mwanza nilingoja meli hadi wauza uji wa bandarini wakaanza kuniita mwenyeji. Miaka ile kila kitu kilingojewa: sabuni, sukari, betri za tochi, hata kitambaa cha sanda. Mimi nilikuwa nimeahidiwa ukarani kwenye ghala moja la pamba Bunda, na cheti changu cha kidato cha nne nilikuwa nimekifunga kwenye nailoni kisilowe.

Zile spana zilikuwa ugonjwa wangu wa tangu utotoni. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge, lakini matrekta yale makubwa hayakunivutia. Nilichopenda ni kile kidogo kilicholima bustani ya meneja, kimo cha kiuno, kilichotetemeka chote kikiwaka kama mbuzi aliyenyeshewa. Tangu hapo kila mji niliopita niliuliza kama hakuna kitrekta cha zamani kilichotupwa mahali. Kilosa nilikikuta kimoja nyuma ya misheni, nikahangaika nacho hadi kikawaka, nikakaa nacho mchana mmoja nikikisikiliza, kesho yake nikahama. Ndivyo nilivyokuwa. Kikishawaka, miguu inawasha. Sikuwahi kukaa mahali nikala mihogo niliyopanda mwenyewe.

Kutoka Musoma nilipanda lori hadi Bunda, nikapata chumba Kabasa kwa mama mmoja mjane. Siku ya kwanza alinionyesha choo, kisima na kamba ya kuanikia nguo. Nilipouliza kibanda cha nyuma kina nini, alijibu, "Kuna marehemu."

Nilishtuka. Akacheka kidogo. "Si yeye. Mashine yake."

Chini ya magunia ya pamba kulikuwa na kitrekta cha magurudumu manne, cha silinda moja, chenye tundu la hendeli kwa mbele. Kuku alikuwa ametagia kwenye kiti. Nilipiga magoti nikaanza kukipapasa, na nakumbuka niliona haya kidogo kwamba ananitazama. Mumewe alikipata kwa mzungu aliyekuwa akihama nchi, wakakilimia misimu kadhaa, kikafa. Baadaye na yeye akafa.

"Naweza kukifufua, mama," nikasema.

Hakufurahi. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa akanieleza kwa nini.

Ndugu za mumewe walikuwa upande wa Butiama. Baada ya mazishi walitaka mmoja wao amrithi, akakataa, akasema yeye ni mtu wa kanisa na ndoa moja imemtosha. Basi wakachukua ng'ombe, pamoja na maksai wa kulimia, wakachukua plau, baiskeli na redio. Kitrekta walikipiga teke wakakiacha kwa sababu hakikwenda. Lakini kukiacha hakukuwa kumpa. Kilikuwa kimebaki kikao kimoja cha ukoo cha kumaliza mambo ya marehemu, na siku hiyo kila kilichosalia kingetamkwa mbele ya watu ni cha nani. Yeye alikuwa na mabinti tu, nao wameolewa mbali. Bila kitu cha kulimia angelima kwa mkono hadi nguvu zimwishie, kisha angekwenda Butiama kuomba ugali kwa watu wale wale aliowakataa.

"Kikiwaka kabla ya kikao, wanakibeba," alisema. "Kisipowaka kabisa, hakinisaidii. Kwa hiyo kifufue. Ila kionekane maiti."

Sikuwahi kufanya kazi ya namna hiyo. Kawaida raha ya vitu hivi ni kutoa kutu, kupiga msasa, kupaka rangi, kuita watu waone. Hapa nilisafisha ndani na kuacha nje pabaya. Kila nati niliyofungua niliirudishia matope na masizi isionekane imeshikwa spana. Nilikata gasketi kwa katoni la sabuni. Ringi za pistoni nilizifuata Murangi, kwa fundi wa injini za mitumbwi, ambaye aliniangalia kuanzia viatu.

"Za mashine gani?"

"Ya mtumbwi."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Wewe? Hata harufu ya sato huna." Lakini alinipa. Zilikuwa kubwa kidogo, nikazipunguza kwa tupa taratibu, jioni baada ya jioni, nikiogopa kuivunja moja, maana zingine zisingepatikana.

Mashine zile za zamani zilikuwa na matangi mawili, dogo la petroli na kubwa la mafuta ya taa, na koki moja katikati. Unawasha kwa petroli. Unangoja injini ishike moto sawasawa, ndipo unageuza koki iendelee na mafuta ya taa. Ukigeuza mapema inakohoa na kuzima. Na kama ni baridi na huna petroli, unaweza kuzungusha hendeli hadi jua lizame. Petroli wakati huo ilitolewa kwa kibali. Dereva mmoja wa ghalani alinigawia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nikaificha mvunguni, na kila nilipolala niliiota inavuja.

Siku kilipowaka nilikuwa nimekwisha kupanga namna ya kuficha sauti. Jirani alikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli, yenye kelele za kutosha mtaa mzima. Ikinguruma, nasi tunawasha, mlango wa kibanda ukiwa umefungwa, mama amesimama nje akipeta mtama usiokuwa na makapi. Tulifanya hivyo mara kadhaa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha yenye hofu kiasi kile. Mkono mmoja ulikuwa kwenye koki, sikio lote liko kwa jirani.

Kisha Jumamosi moja dizeli ya jirani ikaisha katikati ya debe la mtu. Ngurumo ilikata ghafla, na kitrekta chetu kikabaki peke yake duniani, tu-tu-tu-tu. Nilirukia waya wa plagi kwa mkono mtupu, ukanipiga shoti hadi begani. Kilipozima nilisikia wanawake wamejaa kwenye uzio na ndoo zao.

"Mama, kwako kuna nini kinatwanga?"

"Tumbo la mpangaji," alijibu bila kugeuka. "Nilimwambia maharage hayajaiva."

Walicheka wakaondoka, lakini mmoja wao hakucheka. Huyo, mama aliniambia baadaye, alikuwa ameolewa kutoka Butiama.

Siku zilizofuata nilikosa hamu ya kula. Ghalani nilikosea kupima marobota, nikasemwa. Nilikuwa na hakika ndugu wa marehemu wataingia wakati wowote, na kila baiskeli iliyopita nje niliichungulia. Mama ndiye aliyekuwa akinituliza, ingawa niliona naye anaunguza ugali. Asubuhi ya kikao alichukua ile chupa, na tone lililobaki kwenye tangi dogo, akaenda kumwaga chooni. Nilimfuata nyuma kama mtu anayesindikiza jeneza.

"Mama, hiyo hatutaipata tena."

"Ikikaa, utashawishika," alisema. Na ni kweli.

Walikuja watu wengi kuliko nilivyodhani, wakakaa uani kwenye mikeka na viti vya kuazima. Msemaji alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mtu mnene, mchangamfu, mwenye koti la suti hata kwenye jua. Walianza na maombi, wakaongea mambo ya mipaka ya shamba, halafu akasimama na kujipangusa uso.

"Tumesikia huku Bunda maiti zinaongeaga," alisema. Watu wakacheka. Alinigeukia. "Wewe kijana ndiye mpangaji?"

"Ndiyo, mzee."

"Mpangaji au mrithi?"

Watu walicheka tena, safari hii kwa sauti. Nilijibu mpangaji, na sauti yangu mwenyewe ikanisikitisha.

"Mpangaji ananukaga grisi? Haya, kitoeni nje. Kijana, washa."

Walikikokota hadi katikati ya ua, juani. Tangi kubwa lilikuwa na mafuta ya taa, wakayanusa wakaridhika. Hakuna aliyeuliza habari ya tangi dogo. Nilishika hendeli nikazungusha kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilijua wanatazama mabega yangu. Kikawa kinavuta pumzi na kutema tu. Nilizungusha tena. Lakini jua lile la Bunda lilikuwa linachoma kweli, na chuma kilikuwa kimeanza kupata moto bila msaada wa mtu. Nilihisi kwenye kiganja silinda inakaza kwa namna niliyoifahamu, na nikaanza kuomba, mimi niliyerekebisha ringi zile kwa mikono yangu, kwamba ringi zivujishe.

Kikakohoa. Mara moja, na moshi mweupe kidogo.

"Imekohoa!" Mdogo wa marehemu alisimama. "Nimesikia, imekohoa!"

"Hata ndugu yenu alikohoa hivyo hivyo asubuhi ile," mama alisema kutoka mlangoni. "Mchana nikamfumba macho."

Kaka mkubwa alininyang'anya hendeli akazungusha mwenyewe. Alizungusha hadi kifungo cha koti kikaruka na mtoto wa mtu akakikimbilia. Hakikukohoa tena. Akatupa hendeli chini, akahema, akacheka kama mtu anayejifariji.

"Basi. Chuma hiki ni cha shemeji. Akitaka akipikie."

"Rudia, shemeji," mama alisema. "Wa nyuma hawakusikia."

"Ni cha shemeji! Mmesikia?"

Wakajibu wamesikia.

Nilidhani kesho yake tutalima. Mama akakataa. "Neno lake likauke kwanza," alisema, kama anayezungumzia tofali mbichi. Msimu ule alilima kwa mkono, nami Jumapili baada ya ibada nilimsaidia, na kwenye kipande alichonigawia nilipanda mihogo yangu. Mwaka huo mambo yalianza kulegea. Sabuni ilionekana madukani, nguo za mitumba zikafika hadi gulioni, na kandokando ya barabara watu wakaanza kuuza petroli kwenye chupa za soda. Nilimfundisha mama kushika hendeli, dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine ili isimvunje mkono ikirudi nyuma, na kuhusu koki nilimsumbua hadi akachoka. "Usitazame saa," nilimwambia. "Sikiliza." Tulifanya hivyo injini ikiwa imezimwa, akizungusha na kuigiza sauti kwa mdomo, tukicheka. Nilikuwa nimeacha kuuliza habari za vitrekta vya miji mingine. Nilijishangaa.

Mvua za kwanza za msimu uliofuata zilipolainisha udongo aliniambia leo ni leo. Tulikisukuma hadi ukingo wa shamba mchana kweupe. Nilitaka kushika hendeli, akanisogeza kwa kiwiko. Alizungusha mara ya kwanza, hola. Ya pili kikashika, na kuku wa nyumba tatu wakakimbia.

Hatukumsikia mgeni. Kaka mkubwa alikuwa amesimama njiani, ameshika baiskeli ya marehemu. Alikitazama kitrekta, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Mama akapunguza moto bila kuzima injini.

"Shemeji," alisema yule bwana, "kumbe maiti amefufuka."

"Amefufuka. Na ulisema ni wangu, mbele ya watu."

"Nilisema. Siwezi kulimeza neno langu." Alinielekezea kidole. "Lakini nilisema ni cha shemeji yangu. Sikusema ni cha bwana wa shemeji yangu. Kama humu ndani kuna mwanamume, hicho kikao kilikuwa uongo, na nitakiita upya. Huyu ni nani hapa?"

Nilifungua mdomo. Mama alikuwa mwepesi kuliko mimi.

"Huyu ni fundi," alisema. "Kazi imekwisha. Anaondoka leo."

Alisema bila kunitazama, macho yake yako kwenye koki. Nilikuwa sijafikiria kuondoka. Kwa mara ya kwanza maishani miguu yangu ilikuwa imetulia, na mtu mwingine ndiye aliyeipa safari. Lakini nilielewa, na yule bwana alikuwa akisubiri kuona kama nimeelewa.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Lori la pamba linakwenda Mwanza mchana huu."

Kufunga begi hakukuchukua muda, nguo bado zilikuwa chache. Spana moja, ya kufungulia plagi, niliiacha juu ya kinu. Nilipita ukingoni mwa shamba, nikasema kwaheri mama, naye akasema nenda salama mwanangu, kwa sauti ya juu, ili shemeji yake asikie lile neno la mwisho. Mihogo yangu ilikuwa bado haijakomaa.

Nilisimama barabarani kungoja lori. Kutoka pale shamba lilikuwa halionekani, lakini kitrekta nilikisikia vizuri, sauti nyepesi, ya haraka, bado kiko kwenye petroli. Tangi lile dogo halikai muda. Nilijua yule bwana bado amesimama pale na baiskeli, akingoja kizime ili apate la kusema. Nikaanza kuongea peke yangu: bado, bado kidogo, bado. Lori likatokea kule mbele, likipiga honi.

Kitrekta kikakohoa. Kikakaribia kufa. Nilikuwa nimekwisha kuinua begi kurudi, na hapo kikashika tena, chini zaidi, sauti nzito ya mafuta ya taa, kikaenda.

Utingo akanipa mkono nikapanda juu ya marobota.