Maji ya Mvua

Jirani yetu hapa Chanika haoshi gari lake jipya kwa maji ya kisima tunayokunywa sisi. Anasema chumvi yake huacha madoa meupe kwenye rangi. Ana pipa la maji ya mvua, lenye kufuli. Kila asubuhi huvua pete isije ikakwaruza, akaanzia juu kwa kitambaa laini, akinong'ona, "Taratibu, taratibu," kama anayemwogesha mgonjwa.

Jumatatu ile pampu ya kisima ilikuwa na siku ya tatu imekufa. Hafsa wa nyumba ya pili alikuja na ndoo mbili.

"Shikamoo, mzee. Mama ametutoka alfajiri. Tunaomba maji ya kumwoshea."

"Inna lillahi," alisema, povu likimchuruzika hadi viwikoni. "Pole sana, mwanangu. Ngoja kwanza nisuuze. Povu likikaukia hapa, rangi imekwisha. Yatakayobaki yote yenu."

Akasuuza paa, akasuuza milango, akasuuza rimu moja moja. Hafsa alisubiri, ndoo zikiwa miguuni pake. Kisha jirani akaliinamisha pipa mwenyewe, kwa mikono miwili, polepole, lisipotee hata tone.

Ikapatikana nusu ndoo.