Mbuzi ya Nazi Iliyokwenda Iringa

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Ujanani nilikuwa na mkeka wangu Kariakoo, kwenye uwanja wa vitu vikuukuu. Nikiuza birika zisizo na vifuniko, makoti ya askari wa vita vya Mjerumani, na viatu vya mguu mmoja. Ndiyo, mguu mmoja! Na vilinunuliwa.

Sisi wenye mikeka tulikuwa na ada yetu: mwenzio akienda kuswali, unamuuzia. Na chochote kilicho juu ya mkeka ni cha kuuzwa, huulizi. Siku hiyo mama alinipa mbuzi yake ya kukunia nazi niipeleke kwa mhunzi ikanolewe. Baba aliichonga kwa mikono yake walipooana, na baba alikuwa ameshakufa. Adhana ya adhuhuri ikanikuta kazini. Nikaiweka pale pale mkekani, nikaenda msikitini. Kurudi, haipo.

"Nimekuuzia," jirani yangu akaniambia, uso umemchangamka. "Kuli mmoja wa bandarini, anarudi kwao Iringa. Ameipenda kweli!"

Nilimtukana mpaka sauti ikanikauka, lakini kosa lilikuwa langu na uwanja mzima ulijua.

Jioni nikamweleza mama yaliyotokea. Asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo." Kimya. Anapepeta mchele wa vitumbua, hata jicho hakuniinulia. Siku ya pili kimya, ya tatu kimya. Wallahi, afadhali angenipiga. Ya nne nikapanda gari moshi kwenda kuitafuta mbuzi yake.

Dodoma nikashuka, nikapata lori la kwenda kusini, nikakaa juu ya magunia ya chumvi. Jamani, nchi hii! Mimi mtoto wa Mchafukoge, niliyedhani mbali ni Magomeni, nikaitazama barabara ile nyekundu inakwenda, inakwenda tu. Tulikwenda tangu alfajiri hadi jua la utosi bila kuona paa hata moja. Kisha ng'ombe wakavuka, mamia kwa mamia, na dereva akazima injini akawangoja kwa adabu kama wanaopita ni wakwe zake. Tulipofika mto Ruaha nikasema Subhanallah, sikuwa na neno jingine. Nilijiona mdogo, na ile hasira niliyotoka nayo mjini nikaanza kuionea haya.

Kila tuliposimama niliulizia kigoda chenye ulimi wa chuma, na kila mahali walikikumbuka! "Kapita nacho kichwani. Anampelekea mama yake." Lori likapanda milima, baridi ikaanza kuuma, mnazi hata mmoja hakuna. Sasa mbuzi ya nazi itamfaa nini mtu wa huku? Nikacheka peke yangu, dereva akadhani nimepata homa.

Nyumba ya yule kuli, nilivyoelekezwa, ilikuwa kando ya barabara. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga, makali yote. Mlangoni nikamkuta bibi kizee ameketi juu ya mbuzi ya baba yangu.

Mwanawe akanikaribisha, akanieleza. Magoti ya mama yake yalikuwa yamegoma. Akikaa chini, ilibidi watu wawili wamnyanyue. Ule ulimi wa chuma walikuwa wameuzungushia kitambaa kinene. Bibi akataka nione. Akaushika kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama mwenyewe, akacheka kwa furaha.

"Si ndiyo kazi yake hii?" mwanawe akaniuliza.

"Ndiyo kazi yake," nikasema.

Nililala kwao, wakanipa ugali na maziwa. Asubuhi nikaanza safari ya kurudi mikono mitupu, na njia nzima niliwaza nitamwambia nini mama.

Nikamkuta uani, anapika. Nikamweleza yote: ng'ombe, mto, bibi na kitambaa chake. Nilipomaliza akaweka mwiko chini.

"Anasimama mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama. Bila kushikwa."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Na wewe una adabu gani?" akasema. "Tangu umeingia hujaniamkia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."