Minara Mingapi Imebaki

Saa kumi na mbili asubuhi, chuma bado ni baridi, Nati yuko juu ya mnara wa mwisho wa umeme. Mkanda umemshika kiunoni, mkononi ana spana ndefu. Anakaza nati, anaipaka doa la rangi nyekundu kuonyesha imeshakazwa, kisha anaigongagonga kwa kidole. Mita arobaini chini yake marafiki wawili wanapiga honi: shuka basi, twende zetu.

Kambini hakuna anayelitumia jina lake la kuzaliwa. Tangu wiki ya kwanza ni Nati, na mwenyewe ameridhika. Ana miaka thelathini na minne, mmoja wa wanawake wawili katika kikosi cha watu sitini kilichosimamisha minara kwenye nyika isiyo na duka wala kisima. Maji yaliletwa na lori mara mbili kwa wiki. Katika miezi ishirini na miwili, nyumbani amekwenda mara moja tu.

"Mtandao ulikuwa kule juu," anasema akivua mkanda. "Ukitaka kuongea na mama, unapanda. Yeye anasikia upepo, mimi nasikia kuku wake. Siku hiyo chakula hakipiti."

Mama yake anaishi peke yake. Binti alipoajiriwa tu, bibi huyo aliwatangazia majirani kwamba mwanawe anawaletea umeme, akanunua balbu na kuitundika sebuleni. Tangu hapo kila simu ilikuwa na swali lilelile: minara mingapi imebaki? Nati alikuwa akimtajia idadi, mia mbili, mia na themanini, na moyo unamuuma.

Maana mwezi wa tatu aliiona ramani mezani kwa mhandisi. Kikosi kingine kingepitisha nyaya nyuma kabisa ya shamba la mama yake, lakini zingepita tu. Umeme ule ni mkubwa mno kuingizwa nyumbani. Sharti kwanza upoozwe kituoni, na kituo kiko kilomita tisini mbele. Nati akameza maneno, na miezi kumi na tisa ikapita hajayatoa.

Ndiyo sababu hakupanda lori la kampuni mkataba ulipokwisha: aliwaeleza marafiki wale wawili kwamba anataka akamwambie mama uso kwa uso. Shemeji, dereva wa kambi aliyeitwa hivyo ingawa hakuoa dada wa mtu yeyote pale, alisema atampeleka kwa pikapu yake. Mpishi naye, mtu mnene asiye na maneno mengi, akajipakia nyuma pamoja na sufuria zake. Ni mwendo wa siku mbili, na barabara inafuata minara.

Siku ya kwanza ni vicheko. Kila mnara wanaoupita, Shemeji anampongeza Nati kama anamgawia cheti. Mchana wanasimama kunywa chai, na Mpishi, bila kufikiri, anabandika ya watu sitini. Mkono wake haujui tena kupikia watatu. Wanabaki kusimamisha wapita njia na kuwabembeleza wanywe.

Nati anacheka mpaka machozi, kisha machozi yanabaki peke yake. Anayatazama masufuria, anawatazama hao wawili. "Miezi yote nimelia nataka nyumbani," anasema. "Leo nalilia hema. Ajabu gani hii?"

Siku ya pili wanafika njia panda ya kwao Mpishi. Mkewe na watoto wako dakika ishirini tu kutoka hapo. Shemeji anapunguza mwendo, lakini Mpishi anagonga paa la gari: songa mbele.

"Nyumbani hakuhami," anasema. "Kwanza tukamwambie mama."

Saa tisa alasiri wako mlangoni. Mama amemkumbatia binti hataki kumwachia, anampapasa mabega yaliyokomaa kwa spana. Ndani, balbu inaning'inia katikati ya sebule, haina hata chembe ya vumbi. Nje ya dirisha nyaya zinaonekana, zimeruka shamba zima kwenda zake. Nati hajakaa hata kwenye kiti.

"Mama, ule umeme hausimami hapa. Unapita tu. Nilijua zamani, nikashindwa kukuambia."

Mama anawamiminia wageni maji kwanza, mmoja mmoja. Halafu anasema hata yeye alijua. Waliokuja kuchimba misingi waliomba maji ya kunywa hapo kwake, wakamweleza yote. Ni zaidi ya mwaka sasa.

"Sasa minara ulikuwa unaihesabia nini?"

"Si ikiisha unarudi?" mama anajibu. "Umeme na uende. Mimi nilikuwa nakungoja wewe."

Shemeji anainuka ghafla, eti akaangalie tairi. Mpishi anamfuata.

Kikosi kimeshamwita Nati kwenye njia nyingine, mbali kuliko ile. Hajajibu. Anataka asome ufundi wa umeme wa majumbani, kisha apite mlango kwa mlango kukusanya saini za majirani waombe laini ndogo kutoka kituoni. Anajua itachukua miaka.

Akiwa anayaeleza hayo, mkono wake umeshaifikia balbu. Anaikaza robo mzunguko. Mazoea.

"Usiikaze sana," mama anasema. "Siku ikiungua nitaitoaje, na wewe hupo?"

Nati anairudisha robo mzunguko.

"Nitaitoa mwenyewe, mama."