Mpango wa safari ya meli ni wangu, na kosa lililomo nalijua mimi peke yangu

Admin, jina langu lifiche, na atakayenitambua naomba abaki nalo moyoni. Nina miaka thelathini na nne, mama wa binti mmoja wa miezi kumi. Nimekulia Shishiyu, huku Maswa, kwa wakulima wa pamba, lakini kazi yangu ni utafiti wa bahari. Ndiyo, Msukuma wa bahari. Nimeshachekwa vya kutosha, nyie msijisumbue.

Nilipojifungua nilikuja Bariadi kwa mama yangu anisaidie kulea. Nikiwa huku likizo ya uzazi, niliyoiongezea na ya bila malipo, mkuu wangu wa kazi, nitamwita Dokta, akanipigia simu. Tumepata meli ya utafiti ya kuazima, siku kumi na mbili baharini, na ndani yake watakuwemo watu wa fani nne: wa maji, wa samaki, wa viumbe wadogo wanaoelea, na wa tope la chini. Hakuna aliyekubali kupanga safari hiyo, maana kupanga ni kugombana na kila mtu. Kila fani inataka vituo vyake vya kusimamisha meli na muda wake wa winchi ya kushushia vyombo, na vitanda melini havitoshi. Dokta akaniambia, "Mama K, wewe ndiye mwenye subira. Nipangie, na kitanda cha kwanza ni chako."

Nilipanga mtoto akiwa mgongoni. Asubuhi naongea na watu wa samaki, mchana watu wa tope wananilalamikia kuwa nimewapendelea watu wa samaki. Mama alikuwa akipita na sufuria ananiuliza, "Mayu, hawa watu wa simu hawana mama zao wa kuwasumbua?" Kwetu mama humwita binti yake hivyo hivyo, mayu, kama anavyoitwa yeye.

Binti yangu alipofika miezi tisa nilimwachisha ziwa kwa ajili ya ile meli. Naomba mlisome hilo polepole. Alilia siku tatu, mimi nimejifunga kanga kifuani nikiwa na maumivu, nalia chumba cha pili. Mama hakunisema, alikoroga uji tu akambembeleza.

Nikamtumia Dokta rasimu ya kwanza. Siku mbili baadaye tulienda Shishiyu kusalimia ndugu, nikawasindikiza wanawake kuchota maji lamboni. Pale utaratibu ni wa tangu zamani: wanawake wanachota kwanza, ng'ombe wanaingia baadaye, maana wakishakanyaga, yale maji ni tope tupu. Mzee mmoja akawahisha ng'ombe zake. Shangazi akaweka ndoo chini, akamwambia, "Baba, rudisha ng'ombe, hatujachota."

Hapo ndipo nikashtukia mpango wangu. Katika rasimu yangu, kila kituo nilikuwa nimetanguliza watu wa tope ili vyombo vyao vizito viondoke mapema sitahani. Vyombo hivyo vikigonga chini vinatibua kila kitu, kisha watu wa maji wanashusha chupa zao za kuchukulia maji palepale, na vituo vingi ni vya kina kifupi. Nilikuwa nimeingiza ng'ombe kabla ya kuchota. Kosa langu, silikatai. Nikarudi Bariadi nikapanga upya vituo vyote, nikawa tayari kumpigia Dokta.

Kabla sijapiga, orodha ya wasafiri ikaingia kwenye grupu la kazini. Mpango umeambatanishwa, ile ile rasimu ya kwanza, juu limeandikwa jina la Dokta peke yake. Kitanda changu kapewa binti wa rafiki yake, anakwenda kupiga picha.

Nikampigia. Akasema, "Mama anayenyonyesha atafanya nini baharini? Nimekuhurumia." Nikamwambia nimeshamwachisha, na anajua sababu. Akacheka. "Basi uliharakisha mwenyewe. Kaa na ng'ombe zenu huko, bahari utaikuta." Nikasikia na wenzake wanacheka nyuma yake.

Nikakata simu. Habari ya tope sikumwambia.

Sitawadanganya, tangu siku hiyo nina raha fulani mbaya. Najua hakuna atakayeligundua mapema, kwa sababu kila fani ameiambia isome kurasa zake tu, hataki mtu aguse mpango "wake". Naosha vyombo huku namwona amesimama mbele ya wakubwa na majibu ya vipimo yasiyoeleweka, anaulizwa nani alipanga, na jina liko pale juu, alilibandika mwenyewe. Nataka achekwe kama alivyonicheka. Nataka ajue ladha ya maji ya ng'ombe.

Tatizo ni mdogo wangu mmoja wa kazini, mwanafunzi, yuko upande wa maji. Shahada yake yote iko kwenye zile chupa, na meli haitarudi kwa ajili yake. Nilipojifungua, ndugu zangu wakiwa mbali, yeye ndiye aliyekuja hospitali kunifulia nguo za mtoto. Jana kanitumia ujumbe: "Dada, tunaondoka wiki ijayo. Kile kitanda cha mpiga picha ni haki yako, naona aibu kwenda bila wewe. Kuna la kuniambia kabla sijapanda?"

Nimeandika jibu mara nne nikafuta. Nikimwambia, mpango utarekebishwa na Dokta atarudi na sifa juu ya ziwa la mwanangu. Nikinyamaza, Dokta anaanguka, na yule mwanafunzi anaanguka naye, na kosa lililomwangusha ni langu mimi.

Hivi naandika, mwanangu ananishika kifua, bado hajasahau, na maziwa yamekauka. Nishaurini ndugu zangu, niseme au ninyamaze? Ila anayetaka kuniambia nimsamehe Dokta apite kimya, hilo sijauliza.