Kalkulasi ya Mama

"Wewe unataka hesabu ya kufanyia nini?"

Mshauri wa masomo aliniuliza hivyo bila ubaya wowote, macho yake yakiwa kwenye kompyuta. Nilikuwa nimekwenda kwake kuuliza, si kuulizwa. Nilitaka anieleze kwa nini mtu anayesomea uandishi wa habari alazimishwe kuchukua somo la hesabu. Akasema kila mwanafunzi wa chuo huchukua moja, awe wa sheria au wa ushairi, na kwamba nilikuwa na mpaka Alhamisi kuchagua: hesabu za jumla, takwimu, au kalkulasi, ile hesabu ngumu ya kupima mabadiliko.

Mama alikwisha kunichagulia. Alikuwa muuguzi Doha, Qatar, tangu nikiwa shule ya msingi, na aliomba usiku na mchana nichoke na uandishi nihamie famasia. Famasia, alisema, haimpokei mtu asiye na kalkulasi. Nikichukua somo jingine, ndoto yake ingeishia hapo.

Wiki ya kwanza ya muhula tuliruhusiwa kuingia darasa lolote kabla ya kujiandikisha, kwa hiyo nikayaonja yote matatu kama mtu anayepita jikoni akifunua sufuria. Hesabu za jumla zilijaza wanafunzi hadi wengine wakakaa sakafuni. Ilivuma kwamba ni rahisi, nami siamini kitu kinachosifiwa na kila mtu. Kwenye kalkulasi nilimuuliza mwalimu kwa nini tunafanya vile, akasema tutafika huko. Nikauliza tena, akasema tutafika huko. Nilitoka kabla hatujafika.

Darasa la takwimu lilianza kwa malalamiko. Msichana mmoja aliingia akihema, akalilaumu basi la chuo kwamba linachelewa kila siku. Mwalimu, mama mfupi mwenye sauti ya chini, akamtazama.

"Na siku likiwahi, huwa unakumbuka?"

Msichana akatafuta kiti. Mimi niliyejiona bingwa wa kutilia shaka mambo nikahisi nimeulizwa mimi, maana basi hilohilo nilikuwa nikilisema tangu Jumapili, siku ya kwanza ya masomo huko. Nikakaa mpaka mwisho wa kipindi, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimejiandikisha.

Jioni, nyumbani Al Wakrah, kusini mwa Doha, mama alikuwa akipiga pasi sare yake. Nilipomwambia, pasi ilisimama.

"Kwa hivyo kalkulasi umeikimbia."

"Sijaikimbia, mama. Tumeagana vizuri."

Akairudia ile kola iliyokwisha kunyooka. Nilijua anaiaga famasia.

"Haya," akasema mwishowe. "Lakini ukiniletea D, usianze kunieleza habari za wastani."

Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Sikumletea D. Siku hizi nafanya kazi gazetini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwauliza wakubwa wamezitoa wapi namba zao. Mama amestaafu, yuko Nakuru. Likizo iliyopita, tukikata mboga ya sukuma, nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza: kalkulasi alidhani ni nini? Hakujua. Alilisikia neno hilo kwenye basi la wauguzi, kwa mwenzake ambaye bintiye alikuwa akililia kila jioni, naye akaona somo linaloliza watoto wa watu namna hiyo lazima lina faida. Na kwamba famasia haimpokei mtu asiye nayo, alikuwa amekisia tu.